Gwynfor Evans, mkulima wa nyanya aliyeingia Bungeni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Gwynfor Evans alikuwa nani hasa?

Alikuwa mwanasiasa wa Welisi, nchi ndogo yenye milima na kondoo wengi iliyo magharibi mwa England, ndani ya dola la Uingereza. Makazi yake yalikuwa kijiji cha Llangadog, wilayani Carmarthenshire, alikolima nyanya na kuiuza. Alikuwa diwani wa wilaya hiyo tangu 1949 hadi 1974, na rais wa Plaid Cymru, chama cha wazalendo wa Welisi, tangu 1945 hadi 1981. Mwaka 1966 ndiye aliyekipatia chama hicho kiti chake cha kwanza katika Bunge la London.

Aligombea ubunge kwa karibu miaka 40 na akashinda mara mbili tu. Ukimpima kwa kura peke yake utamwona mtu aliyefeli. Mimi namwona kuwa mmoja wa wanasiasa waliofanikiwa zaidi Ulaya katika karne ya 20, na majibu yafuatayo yanaeleza sababu.

Alizaliwa kijijini?

Hapana, na jambo hili huwashangaza wengi. Alizaliwa tarehe 1 Septemba 1912 katika mji wa bandari wa Barry, kusini mwa Welisi, siku ambazo meli zilikuwa zikipakia makaa ya mawe hapo usiku na mchana. Baba yake, Dan Evans, alikuwa mfanyabiashara mwenye duka kubwa lililojulikana mji mzima. Ibada kanisani mwao ilikuwa kwa Kiwelisi, lakini nyumbani watoto walilelewa kwa Kiingereza. Lugha aliyokuja kuipigania maisha yake yote aliipata kwa kujifunza, akiwa kijana wa shule.

Alisoma sheria Aberystwyth, kisha Oxford, na mwaka 1939 akafuzu kuwa wakili. Kwa kijana wa familia yake, njia ilikuwa imekwisha kutandikwa: ofisi, wateja, heshima mjini. Akaiacha, akahamia shambani.

Nyanya ziliingiaje katika habari hii?

Baba yake alikuwa amenunua shamba Llangadog, lililoitwa Wernellyn, na Gwynfor akaenda kuishi huko vita vilipoanza. Hali ya hewa ya Welisi ni mvua na baridi. Nyanya ukiipanda nje, ukungu unaimaliza kabla haijaiva. Kwa hiyo alilima ndani ya vitalu nyumba vya vioo, kazi yenye gharama kubwa ya kuni na makaa ya kupasha joto, na yenye kuhitaji mtu awepo kila siku. Biashara haikuwa nyepesi, na ndugu zake wa Barry walimshika mkono mara kwa mara.

Lakini shamba hilo lilimpa kitu ambacho ofisi ya wakili isingempa. Wakulima wa ng'ombe wa maziwa wa bonde la Tywi walimfahamu kuwa jirani aliyejua bei ya mazao ikishuka inavyouma. Jumapili walimkuta kanisani. Mchana walimkuta sokoni au kwenye kikao cha halmashauri, na usiku akiendesha gari kwenda kuhutubia watu 20 katika ukumbi wa kijiji kingine. Aliishi hivyo kwa miongo mitatu.

Ni kweli alikataa kupigana Vita Kuu ya Pili?

Kweli. Alikuwa Mkristo wa madhehebu ya Annibynwyr, yaani makanisa yanayojitawala yenyewe, na alishika imani kwamba kuua ni dhambi hata serikali ikiamuru. Alifika mbele ya baraza lililosikiliza watu wa namna yake, akaeleza msimamo wake, akaachiliwa bila masharti. Wakati wa vita alikuwa katibu wa chama cha wapenda amani wa Welisi.

Msimamo huo ulimgharimu. Wapinzani waliutumia dhidi yake katika kampeni kwa miaka mingi, na katika nchi iliyozika vijana wake vitani hilo halikuwa jambo dogo. Hakuubadilisha. Hata Januari 1968, akiwa mbunge, alisafiri na kundi la wapenda amani wakitaka kuingia Vietnam ya Kaskazini wakakae chini ya mabomu ya Wamarekani pamoja na raia. Waliishia Kambodia kwa kukosa viza.

Chama cha Plaid Cymru kilikuwa na nguvu kiasi gani alipokishika?

Kidogo sana. Kilianzishwa Agosti 1925 mjini Pwllheli na watu wachache waliojali lugha kuliko kitu kingine chochote. Alipochaguliwa rais wake mwaka 1945 akiwa na miaka 32, hakikuwa na mbunge, fedha wala gazeti kubwa la kukiunga mkono. Wengi walikiona chama cha walimu na wachungaji. Gwynfor aligombea jimbo la Merioneth mwaka 1945, 1950, 1955 na 1959, na katikati akajaribu uchaguzi mdogo wa Aberdare mwaka 1954. Kote alishindwa.

Aliyoyataka yalikuwa mepesi kueleza: Welisi iwe na bunge lake, na ikae miongoni mwa mataifa kama taifa. Miaka ya 1950 na 1960 hoja hiyo ilipata nguvu mpya. Ghana, Tanganyika, Uganda, Kenya na Malta zilipandisha bendera zao moja baada ya nyingine, na watu wa Plaid Cymru wakauliza kwa nini nchi ya kwanza kabisa kutawaliwa na England isiruhusiwe hata kikao cha kuamua maji yake yaende wapi.

Maji? Kulikuwa na kisa gani cha maji?

Hapa inabidi nikae kidogo, kwa sababu bila kisa hiki huwezi kuelewa yaliyofuata.

Juu ya mji wa Bala, kaskazini mwa Welisi, kulikuwa na bonde la mto Tryweryn, na ndani yake kijiji cha Capel Celyn. Kilikuwa na shule, posta, kanisa na makaburi yake. Watu wake walizungumza Kiwelisi tupu, wakikutana jioni kusoma mashairi na kuimba. Mwishoni mwa mwaka 1955 wakapata habari kwamba jiji la Liverpool, lililoko England, lilitaka kulizamisha bonde zima ili kupata bwawa la maji ya viwanda na nyumba zake.

Gwynfor, akiwa mgombea wa Merioneth, jimbo lenye bonde hilo, alisimama nao. Tarehe 7 Novemba 1956 alikwenda na wenzake wawili hadi katika ukumbi wa baraza la jiji la Liverpool na kujaribu kusema. Madiwani walipiga kelele na kugongagonga meza, polisi wakawatoa nje. Wiki mbili baadaye, tarehe 21 Novemba, kijiji chenyewe kilipanda mabasi. Wazee, akina mama na watoto wa shule waliandamana katika mitaa ya Liverpool wakiwa na mabango ya kuliomba jiji lisibomoe makwao. Siku hiyo Gwynfor aliruhusiwa kuhutubia baraza. Lilimsikiliza, kisha likapiga kura ya kuendelea na mpango wake.

Liverpool haikuomba kibali kwa halmashauri za Welisi. Ilipeleka muswada moja kwa moja Bungeni London. Wabunge 35 kati ya 36 wa Welisi waliupinga, na hakuna hata mmoja aliyeuunga mkono. Ulipita mwaka 1957 kwa kura za wengine. Nyumba na mashamba 12 yalizama, watu 48 kati ya 67 wa bondeni walipoteza makazi. Bwawa lilizinduliwa Oktoba 1965 katika sherehe iliyovurugwa na waandamanaji hata ikaisha ndani ya dakika chache. Baraza la Liverpool liliomba radhi rasmi mwaka 2005, miaka 40 baadaye.

Somo ambalo Wawelisi wengi walilipata ni kwamba hata wabunge wao wote wakisema hapana, hapana yao haina uzito.

Je, Gwynfor alifanya vya kutosha kuokoa Capel Celyn?

Wapo waliosema hapana, na wengi wao walikuwa vijana wa chama chake. Walitaka awaongoze kulala mbele ya matingatinga. Yeye aliona kwamba kuvunja sheria kungewafukuza wapiga kura wa kawaida, akabaki na barua, mikutano na maandamano. Mwaka 1963 vijana watatu walitega bomu kwenye transfoma katika eneo la ujenzi. Walikamatwa na kuhukumiwa. Yeye alipinga mabomu waziwazi na aliendelea kuyapinga hadi mwisho.

Nadhani lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Wakulima wa Llangyndeyrn, huko huko Carmarthenshire, walionyesha kwamba ukaidi wa amani unaweza kushinda. Halmashauri ya Swansea ilipotaka kuzamisha bonde lao, walifunga mageti kwa minyororo, wakaweka zamu ya kulinda, na kengele ya kanisa ikawa ishara ya kuitana wapimaji wa ardhi wanapoonekana barabarani. Mwaka 1963 wapimaji walirudi mikono mitupu, na Swansea ikaenda kujenga bwawa mahali pengine. Capel Celyn haikupata bahati hiyo, ingawa tukumbuke kwamba Liverpool ilikuwa na sheria ya Bunge mkononi.

Alishindaje mwaka 1966?

Uchaguzi mkuu wa Machi 1966 ulimwacha Gwynfor wa tatu katika jimbo la Carmarthen, akiwa na kura 7,416. Kiti kilichukuliwa na Lady Megan Lloyd George wa chama tawala cha Labour, binti wa waziri mkuu wa zamani. Alikuwa mgonjwa sana hata hakuweza kufanya kampeni, na Mei akafariki. Uchaguzi mdogo ukapangwa tarehe 14 Julai.

Miezi minne haitoshi kubadili jimbo, watu walidhani. Matokeo yaliposomwa Carmarthen usiku ule yalikuwa hivi: Gwynfor Evans kura 16,179, Gwilym Prys-Davies wa Labour 13,743, Liberal 8,650 na Conservative 2,934. Alikuwa amezidisha kura zake zaidi ya mara mbili na kushinda kwa tofauti ya 2,436. Umati uliojaa uwanja wa mji uliimba, na watu wazima walilia.

Sababu zilikuwa kadhaa. Serikali ya Labour ilikuwa katika shida ya uchumi. Migodi ya makaa ilifungwa, shule ndogo za vijijini zilifungwa, reli zilikuwa zimekatwa. Bwawa la Capel Celyn lilikuwa limezinduliwa miezi tisa tu kabla. Lakini yote hayo yalikuwapo pia Machi. Kilichoongezeka Julai ni kwamba mpiga kura angeweza kumpa kura mtu anayemfahamu kwa miaka 27 bila kuogopa kuiangusha serikali nzima.

Mwangwi wake ulifika mbali. Mwaka uliofuata Labour ilinusurika chupuchupu mbele ya Plaid Cymru katika uchaguzi mdogo wa Rhondda West, ngome yake ya wachimba makaa, na Novemba 1967 Winnie Ewing alishinda Hamilton kwa tiketi ya wazalendo wa Uskoti. Wanahistoria wengi huona kwamba wimbi hilo la uzalendo lilianzia Carmarthen.

Bungeni alifanya nini peke yake?

Aliuliza maswali. Aliomba kula kiapo kwa Kiwelisi, akakataliwa. Akaapa kwa Kiingereza, kisha akaanza kupeleka maswali ya maandishi kwa mawaziri, mamia kwa mamia: barabara, hospitali, ajira, viwanda, kodi. Shabaha yake ilikuwa kuonyesha Welisi inapata nini na inatoa nini, na mara nyingi jibu lilikuwa kwamba takwimu za Welisi peke yake hazipo. Chama chake kiliyachapa maswali na majibu hayo katika vijitabu vilivyosambazwa vijijini. Wabunge wa Labour wa Welisi hawakumpokea kwa ukarimu, na barua zake zinaonyesha mtu aliyeuona mji wa London kuwa mpweke.

Mwaka 1967 Bunge lilipitisha Sheria ya Lugha ya Kiwelisi. Ilikuwa dhaifu, lakini ilikuwapo.

Kwa nini alipoteza kiti mwaka 1970?

Mwaka 1969 Charles, mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza, alisimikwa kuwa Mwanamfalme wa Welisi katika ngome ya Caernarfon. Gwynfor hakuhudhuria. Katika siku hizo kulikuwa na makundi madogo yanayolipua mabomba ya maji na ofisi za serikali, na usiku wa kuamkia sherehe wanaume wawili waliuawa na bomu walilolibeba wenyewe huko Abergele. Gwynfor alikuwa amelaani milipuko tangu mwanzo, lakini wapinzani walimbandika harufu ya baruti, na kwa wapiga kura wazee waliompenda mwanamfalme lilikuwa jambo zito. Gwynoro Jones wa Labour akakichukua kiti.

Kuna habari ya kura tatu. Ni ya kweli?

Ni ya kweli. Februari 1974 kura za Carmarthen zilihesabiwa, zikahesabiwa tena, na tena. Mwisho msimamizi alitangaza: Gwynoro Jones 17,165, Gwynfor Evans 17,162. Usiku huohuo vijana wawili wa chama chake, Dafydd Wigley na Dafydd Elis-Thomas, walishinda viti kaskazini, na rais wao akabaki nje. Oktoba mwaka huohuo uchaguzi ukarudiwa nchi nzima, naye akashinda kwa tofauti ya kura zaidi ya 3,600. Alikaa hadi 1979, akashindwa tena, na jaribio lake la mwisho la 1983 halikufua dafu.

Kura ya maoni ya 1979 ilimwathiri vipi?

Ilimvunja. Tarehe 1 Machi 1979, sikukuu ya Mtakatifu David, Wawelisi waliulizwa kama wanataka baraza lao la kufanya maamuzi. Wanne kati ya kila watano walisema hapana. Miezi miwili baadaye akapoteza ubunge, na Margaret Thatcher akaingia madarakani. Mtu aliyekuwa ametumia miaka 34 ya uongozi kuwaambia watu wake kwamba wao ni taifa aliambiwa na watu haohao kwamba hawataki. Alikuwa na miaka 66.

Ni kweli alitishia kufunga hadi kufa kwa ajili ya televisheni?

Ni kweli, na mengi husemwa vibaya hapa.

Kwa wakati huo vipindi vya Kiwelisi vilichomekwa humu na humu katika chaneli za Kiingereza, mara nyingi saa ambazo watu wamelala au wako kazini. Mtoto wa Llangadog alizungumza Kiwelisi mezani, kisha akawasha televisheni na kukaa jioni nzima na Kiingereza. Sisi tunaoamka na redio ya Kiswahili na kulala na taarifa ya habari ya Kiswahili ni rahisi kusahau hilo lina maana gani kwa lugha. Mwaka 1911 zaidi ya watu 4 kati ya 10 wa Welisi walizungumza Kiwelisi; kufikia 1981 hawakufika 2 kati ya 10.

Katika uchaguzi wa 1979 chama cha Conservative kiliahidi chaneli ya Kiwelisi. Septemba mwaka huo waziri wa mambo ya ndani, William Whitelaw, akatangaza kwamba haitakuwapo. Watu zaidi ya 2,000 wakaapa kutolipa leseni ya televisheni. Wasomi watatu, mmoja wao mchungaji, waliingia kwenye mnara wa kurushia matangazo wa Pencarreg, wakauzima, wakasubiri polisi.

Tarehe 5 Mei 1980 Gwynfor akatangaza kwamba kuanzia tarehe 6 Oktoba angeacha kula mpaka serikali itimize ahadi yake au yeye afe. Akawapa miezi mitano wafikiri. Majira yote ya joto alizunguka Welisi akihutubia kumbi zilizofurika, mtu mwembamba mwenye suti nadhifu na sauti ya upole, na waliomsikiliza walitoka wakijua kwamba hatanii. Familia yake ilikuwa imeambiwa mapema. Serikali nayo iliogopa jambo moja: atakufa mtu wa amani, na baada yake vijana wasio wa amani wataingia barabarani.

Septemba ujumbe wa wazee watatu ulikwenda kwa Whitelaw: mwanasiasa wa Labour Cledwyn Hughes, Askofu Mkuu wa Welisi na Sir Goronwy Daniel. Hawakuwa wafuasi wa Plaid Cymru. Tarehe 17 Septemba serikali ikarudi kwenye ahadi yake. Thatcher, aliyejulikana kwa kutogeuka, aligeuzwa na mkulima wa nyanya kabla hajakosa hata mlo mmoja.

Chaneli hiyo, S4C, ilianza tarehe 1 Novemba 1982. Mzimamoto Sam, ambaye watoto wa nchi nyingi wanamjua, alitengenezwa kwa ajili yake.

Mpenda amani anawezaje kutishia kujiua?

Swali hili aliulizwa na marafiki pia, hata wa kanisani. Wengine walisema ni mateka aliyejiteka mwenyewe, na kwamba serikali ya kidemokrasia haiwezi kuendeshwa namna hiyo. Jibu lake lilifuata njia ya Gandhi, aliyemheshimu sana: mateso anayapokea yeye, hamtesi mtu mwingine. Mimi hoja ya wapinzani naiona, lakini alichodai ni ahadi ambayo serikali yenyewe iliiandika na kuombea kura. Hilo linaniondolea shaka.

Familia yake?

Mke wake alikuwa Rhiannon Prys Thomas. Walioana tarehe 1 Machi 1941 wakapata watoto saba. Nyumba yao ya Llangadog, Talar Wen, ilichorwa na shemeji yake Dewi Prys Thomas, msanifu majengo maarufu. Wakati baba yuko mikutanoni, Rhiannon ndiye aliyeshikilia nyumba, simu na wageni wasiokwisha. Baadhi ya watoto wao waliwahi kukaa mahabusu kwa sababu ya kampeni za lugha.

Alifariki lini, na aliona matunda yake?

Alifariki tarehe 21 Aprili 2005 nyumbani kwake Pencarreg, akiwa na miaka 92. Miaka minane kabla, tarehe 18 Septemba 1997, Wawelisi waliulizwa tena swali la 1979. Usiku kucha upande wa hapana uliongoza. Wilaya ya mwisho kutangaza ilikuwa Carmarthenshire, na kura zake ndizo zilizoipeleka ndiyo mbele kwa tofauti ya 6,721 kati ya kura zaidi ya milioni moja. Baraza la Welisi lilifunguliwa Cardiff mwaka 1999; leo ni bunge kamili linalotunga sheria kwa lugha zote mbili.

Kiwelisi hakijapona. Sensa ya 2021 ilipata wazungumzaji 538,300, sawa na asilimia 17.8, na ndani ya Carmarthenshire yenyewe idadi inashuka.

Nikiwa Uingereza, naweza kuona nini kinachomhusu?

Treni ya njia ya Heart of Wales inasimama Llangadog. Kutoka hapo, kilomita chache juu ya kilima, kuna Garn Goch, ngome ya mawe ya kale ambako majivu yake yalitawanywa na jiwe la kumbukumbu limesimamishwa. Vaa viatu vya kupandia mlima, na beba koti la mvua hata mwezi wa Julai. Ukitaka barua na hati zake, ziko Maktaba ya Taifa ya Welisi, Aberystwyth. Nyingi ni za Kiwelisi, kwa hiyo uliza wahudumu wakusaidie kuchagua kabla ya kuagiza maboksi.